Je, sheria isiyotumika hufa yenyewe?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa Uraia, kidato cha tatu, mkoani Tanga. Wanafunzi wangu wameleta darasani orodha ya "sheria za ajabu" inayozunguka kwenye simu: kwamba Uingereza ni marufuku kufia bungeni, ni marufuku kuingia bungeni umevaa deraya (vazi la chuma la vitani), na kwamba ipo sheria ya mwaka 1328 ya kukataza silaha sokoni ambayo majaji wa Marekani bado wanaibishania. Zipi ni za kweli? Pili, kitaalamu, sheria ikikaa karne nzima bila kutumika haifi yenyewe? Tatu, kuna kijana ambaye babu yake ni mfugaji na huenda mnadani na sime kiunoni. Ameuliza kama babu yake anavunja sheria, na sikuwa na jibu.

JIBU: Mwalimu, nianze na swali la pili, maana ndilo linalobeba mengine. Hapana, haifi. Katika mfumo tulioupokea kwa Waingereza, sheria iliyotungwa na Bunge huishi mpaka ifutwe, au ije nyingine isiyoweza kukaa nayo pamoja, au mahakama itamke kwamba inakiuka Katiba. Uzee hauiui, wala kusahauliwa hakuiui. Scotland wana kanuni yao kwamba sheria za bunge lao la kale, kabla ya muungano wa 1707, zaweza kuhesabiwa zimekufa kwa kutotumika. Uingereza yenyewe haina kanuni hiyo, nasi hatukuipokea.

Vijana wanaojifunza uwakili kwangu huwa nawapa kesi ya mwaka 1818 ili walielewe hili. Mwaka mmoja kabla, binti aitwaye Mary Ashford alikutwa amekufa kwenye dimbwi la maji karibu na Birmingham. Abraham Thornton akashtakiwa kwa mauaji, juri, yaani jopo la raia wanaoamua kesi, ikamwachia. Kaka wa marehemu, William, akashauriwa kutumia haki ya zamani iliyomruhusu ndugu kumshtaki upya mtuhumiwa kwa jina lake mwenyewe. Thornton naye akajibu kwa haki ya zamani zaidi: alivua glavu, akaitupa sakafuni mbele ya majaji, akadai shauri liamuliwe kwa mapigano kati yake na William. Watu walishangaa. Jambo hilo lilikuwa halijaonekana kwa vizazi na vizazi. Lakini majaji wakiongozwa na Lord Ellenborough walipopekua vitabu hawakukuta mahali popote palipoandikwa kwamba haki hiyo imefutwa. Wakaamua kwamba hiyo ndiyo sheria ya nchi, nao kazi yao ni kuitamka ilivyo, si kama wanavyotamani iwe. William alikuwa kijana mdogo wa umbo, akajitoa, na Thornton akaenda zake huru. Mwaka 1819 Bunge likafuta mambo yote mawili.

Kwa hiyo mwanafunzi akikuuliza kama sheria fulani ya kale ni hai, usihesabu miaka. Muulize ilifutwa lini, na kwa sheria ipi. Asipopata jibu, achukulie kwamba ni hai.

Sasa tuirudie orodha yao. Marufuku ya kufia bungeni ni uzushi. Tume ya Sheria ya Uingereza ilizichunguza hadithi za aina hii na kutoa majibu mwaka 2013, na ya kufia bungeni haikupatikana katika sheria yoyote. Ya deraya ni kweli tupu. Ni ya mwaka 1313, enzi za Mfalme Edward wa Pili, na haijafutwa hadi leo. Ukiisoma peke yake utacheka. Ukijua kilichotangulia hutacheka, maana mwaka 1312 makabaila wenye majeshi yao walimkamata Piers Gaveston, kipenzi cha mfalme, wakamuua. Bunge la wakati huo lilikuwa mkutano wa watu ambao kila mmoja alikuja na wapiganaji wake. Kuwataka waje bila silaha wala deraya lilikuwa jambo la kufa na kupona. Mimi naiheshimu sana sheria hiyo.

Ya 1328 nayo ni ya kweli, na ndiyo yenye uzito kuliko zote. Ilipitishwa mjini Northampton, mfalme akiwa Edward wa Tatu, kijana wa miaka kama 15 tu, aliyepewa kiti baada ya baba yake kuondolewa madarakani mwaka uliotangulia. Nchi ilikuwa imejaa magenge. Sheria ikasema mtu yeyote, mkubwa kwa mdogo, asiende mbele ya majaji wa mfalme na silaha, wala asitembee wala kupanda farasi akiwa na silaha, usiku au mchana, kwenye maonyesho, masokoni, wala mahali pengine popote. Adhabu ilikuwa kunyang'anywa zana na kufungwa kwa muda atakaopenda mfalme. Silaha za wakati huo zilikuwa panga, mikuki na deraya. Bunduki zilikuja kuingia humo baadaye.

Iliposhuka mahakamani mwaka 1686 ndipo swali gumu likajitokeza. Sir John Knight wa Bristol alishtakiwa kwa kutembea mitaani na bunduki na kuingia nayo kanisani wakati wa ibada. Juri ilimwachia. Kwa nini? Wapo wanaosema ni kwa sababu kubeba silaha peke yake hakukuwa kosa, ila kubeba kwa nia ya kutisha watu. Wapo wanaosema sheria ilikataza kubeba kokote hadharani, ila Knight alikuwa na sababu zake za pekee. Ubishi huo ulivuka bahari na haujaisha.

Huko ng'ambo, Mwalimu, naomba darasa lako likae kwanza na jimbo moja la Marekani, Georgia. Mwaka 1770, likiwa bado koloni, lilitunga sheria ya kuwalazimisha wanaume weupe waende kanisani na bunduki au jozi ya bastola, pamoja na baruti na risasi za kutosha kufyatua angalau mara sita. Aliyekwenda mikono mitupu alitozwa faini ya shilingi kumi. Sababu yake haikufichwa: waliwaogopa watu waliowafanya watumwa. Katika koloni jirani la South Carolina, Jumapili ya tarehe 9 Septemba 1739, watumwa wa Stono waliinuka kudai uhuru wao. Wengi wa viongozi wao, kwa maelezo ya wanahistoria, walitoka katika ufalme wa Kongo. Jumapili ndiyo siku mabwana walipokuwa ibadani.

Miaka mia moja kamili baadaye, mwaka 1870, Georgia hiyo hiyo ikakataza kwenda na bastola, kisu cha vita au silaha yoyote ya kuua mahakamani, kwenye kituo cha kura, kwenye nyumba ya ibada, au kwenye mkusanyiko wowote wa watu, isipokuwa uwanja wa gwaride la wanamgambo. Hapo katikati utumwa ulikuwa umekomeshwa kwa vita, na watu weusi walikuwa wameanza kupiga kura. Septemba 1868, katika mji wa Camilla kusini mwa jimbo hilo, watu waliokuwa wakiandamana kwenda mkutano wa kisiasa, wengi wao weusi, walipigwa risasi na kuuawa. Waza, kanisa ni lile lile na bunduki ni ile ile, ila sheria imegeuka kabisa. Atakayeisoma mojawapo kama kichekesho cha kale atakuwa hajauliza nani alikuwa anamwogopa nani.

Texas nao walitunga yao mwaka huo huo 1870, katika bunge la kwanza la jimbo hilo kuwa na wabunge weusi. Orodha yake inapendeza kuisoma kwa sauti darasani: kanisani, chumba cha shule, mahali watu walipokusanyika kwa ajili ya elimu, fasihi au sayansi, ukumbi wa dansi, karamu ya mabibi na mabwana, kituo cha uchaguzi siku ya kura. Mwaka 1872 mahakama ya juu ya jimbo iliiona sheria ya namna hiyo kuwa halali, ikasema ni karibu na upuuzi mtu kudai haki ya kuingia na zana za kuumiza kwenye mkusanyiko wa amani.

Mbona sasa majaji wa leo wanazifukua? Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura sita dhidi ya tatu, iliitupa sheria ya New York iliyomtaka anayeomba leseni ya kubeba bastola aonyeshe haja ya pekee. Katika hukumu hiyo iliweka kipimo: serikali ikitaka kuzuia silaha, ionyeshe kwamba kizuizi hicho kinalingana na desturi ya kihistoria ya nchi hiyo. Tangu hapo mawakili wamekuwa watu wa makumbusho. Jaji Clarence Thomas, aliyeiandika, alisema sheria ya 1328 ni ya kale mno kuwa na uzito kwa Marekebisho ya Pili ya Katiba ya mwaka 1791, yanayolinda haki ya kuwa na silaha na kuibeba. Hata hivyo alikubali kwamba mabunge, vituo vya kura na mahakama ni sehemu zilizozuiwa silaha tangu zamani. Kisha mwaka 2024, katika shauri la Rahimi, Jaji Mkuu John Roberts akazitumia sheria za kale zilizoadhibu kutembea na silaha kwa kutisha watu kuwa msingi wa kumnyima bunduki mtu ambaye mahakama imeona ni hatari kwa mwenzi wake. Akaongeza kwamba sheria ya leo haihitaji kuwa pacha wa ile ya zamani. Mimi naona hilo lilikuwa rekebisho la lazima. Kipimo cha 2022, kikishikwa kwa ukali, kinamfanya jaji ahesabu sheria za kale bila kuuliza ziliogopa nini, na nimekwisha kuonyesha kwa Georgia hesabu hiyo inavyoweza kupotosha.

Turudi nyumbani. Sheria ya Northampton ilifutwa Uingereza mwaka 1967. Lakini Tanganyika ilipokea sheria za Uingereza za matumizi ya jumla kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na Kenya kama zilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897. Tarehe zote mbili, Northampton ilikuwa hai, na kufutwa kwake London baadaye hakufuti kilichokwisha kupokelewa huku. Kinadharia, basi, ilivuka mlango. Haihitajiki tu, kwa sababu sheria za Kiingereza huja kuziba pengo pale tusipokuwa na yetu, na hapa tunayo. Kanuni za Adhabu zilizotungwa kwa Kenya na Tanganyika mwaka 1930, zikifuata mfano wa Queensland ya Australia, zina kifungu kinachomfanya mkosaji mtu anayekwenda hadharani na silaha, pasipo sababu halali, kwa namna ya kumtia mtu hofu, na silaha yake yaweza kutaifishwa. Kwa Kenya ni kifungu cha 88. Kwa Tanzania kimo katika Kanuni ya Adhabu, ambayo ni Sura ya 16 ya sheria za nchi. Ni damu ya 1328 hiyo, ikiwa imeamuliwa kwa upande mmoja ule ubishi wa Bristol: hofu ni sehemu ya kosa.

Hapo ndipo alipo babu wa mwanafunzi wako. Chini ya kifungu hicho, upande wa mashtaka hauwezi kuishia kwenye kuonyesha sime. Lazima uonyeshe kwamba hakuwa na sababu halali ya kuwa nayo, na kwamba aliibeba kwa namna iliyomtisha mtu. Mfugaji aliyeswaga ng'ombe porini tangu alfajiri, sime ikiwa alani, ana sababu inayoeleweka na kila hakimu wa eneo lile. Akiichomoa katikati ya mnada kwa ugomvi wa bei, hali imebadilika hapo hapo. Kama angekuwa na bunduki ningejibu tofauti, kwani hiyo ina Sheria ya Usimamizi wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na leseni huulizwa kwanza. Mwambie pia kijana aulize ofisi ya kijiji kama halmashauri ina sheria ndogo kuhusu silaha mnadani. Ikiwapo, babu ataibeba akiwa njiani na kuiacha kwa mtu wa kuaminika kabla ya kuingia.