Mwanangu, hasira zake na katuni: yaliyotusaidia sisi hapa Makorora, Tanga

Mwenzenu nina mtoto wa kiume, miaka minne sasa, na mwaka jana ungenikuta soko la Mgandini ungenionea huruma. Nimemnyima ashkrimu ya ubuyu ya pili, basi, kajitupa chini pale pale kwenye maji ya samaki, mateke, makelele, watu wanapita kama hawaoni lakini macho yote kwangu. Mama mmoja wa mbogamboga akaniambia mzabe kofi moja tu atanyamaza. Nikamzaba. Ndo kwanza akaongeza sauti.

Siku zile nilikuwa napokea oda za mahamri na sambusa, alfajiri nakanda, mchana nakaanga, na aliyekuwa ananilelea mtoto, nisiwafiche, ni TV. Rimoti anayo mwenyewe, masaa matatu manne anaangalia lolote linalokuja, katuni za kupigana, tamthilia zilizotafsiriwa ambazo kila baada ya dakika mbili mtu kala kibao. Siku aliyomzaba binti wa dada yangu, huku kakunja sura vile vile kama yule bwana wa kwenye tamthilia, nikajua huyu hajarithi, kafundishwa, na mwalimu nimemlipia king'amuzi mimi mwenyewe.

Nikaanza kuchagua vipindi. Cha kwanza Akili and Me, hiki cha kwetu, wanakitengeneza shirika la Ubongo la Dar kwa watoto wa miaka mitatu mpaka sita, Akili mwenyewe anaishi chini ya Mlima Kilimanjaro na akilala anaingia Lala Land kucheza na rafiki zake wanyama. Kipo kwa Kiswahili kwa hiyo hata bibi yake anafuatilia. Cha pili Daniel Tiger, cha Marekani, kilianza 2012, kuna kitoto cha chui milia cha miaka minne. Hiki Kiingereza, inabidi nimtafsirie, lakini nakipenda kwa sababu shida zake ni hizi hizi za ndani ya nyumba: anaogopa daktari, kapata mdogo wake mchanga, au walikuwa waende ufukweni mvua ikanyesha akakasirika, anafundishwa kuvuta pumzi na kuhesabu mpaka nne. Na kila kipindi kina kawimbo kafupi kanarudiwa weee mpaka kanaganda kichwani, hata mimi nakaanga sambusa najikuta nakaimba.

Sasa msije mkadhani ukibadilisha chaneli ndo umemaliza. Wiki mbili za mwanzo hakuna kilichobadilika, maana nilikuwa namuwashia narudi jikoni.

Kilichobadilisha ni Jumapili moja ya masika. Tulipanga kwenda Raskazone kuogelea, kashavaa kaptula, kandoo kake ka mchanga mkononi, kasimama mlangoni, mvua hiyo ikamwagika. Naona kidevu kinaanza kutetemeka. Nikachuchumaa nikamuuliza, una hasira? Akanijibu, "Sitaki hasira, nataka bahari!" Nikataka kucheka nikajizuia. Nikamwambia haya, tufanye kama yule chui, vuta pumzi, moja, mbili, ya tatu kwikwi ikamkata, tukaanza upya, nadhani tulirudia kama mara sita tumekaa kizingitini miguu inalowa. Alilia ndiyo, ila hakujitupa chini, na kandoo hakukarusha.

Baadaye nikaja kusoma kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas Tech kule Marekani, 2016, waliwafuatilia watoto wanaoangalia hicho hicho cha Daniel Tiger, wakakuta waliofaidika ni wale ambao wazazi wao wana kawaida ya kuzungumza nao kuhusu wanachoangalia. Nikasema kumbe ndo hivyo.

Kwa hiyo nyumbani siku hizi ni kipindi kimoja au viwili baada ya alasiri akitoka chuoni, yaani madrasa, haizidi saa moja, hata Shirika la Afya Duniani 2019 walisema watoto wa umri huu wasizidishe hapo na ikipungua ndo vizuri. Nakaa naye, kazi ya mkono naendelea nayo, nachambua mchele, lakini macho yapo na mdomo upo. Namuuliza huyu kanuna au anaogopa? Yule ana wivu? Maana zamani mwanangu alikuwa na neno moja tu, "sitaki", na ndani yake mna woga, mna wivu, mna njaa, mna usingizi, wewe mzazi ukisikia sitaki unaona ukaidi tu.

Bibi yake alitusumbua kidogo. Yeye kila mtoto akilia ni "mume wangu, mwanaume halii". Sikubishana naye, nilimuomba tu akae nasi, sasa ndo wa kwanza kuuliza mbona leo Akili hajaanza.

Kwa sindano ilisaidia zaidi kuliko nilivyotegemea. Daniel akienda kwa daktari anaambiwa mapema kitakachofanyika, nasi usiku wake tukacheza kliniki, kanga ndo koti la daktari, kijiko ndo sindano, akamdunga bibi mara nyingi tu. Kesho yake alilia, ila mkono alitoa mwenyewe.

Kugawana baiskeli na mtoto wa jirani bado. Hapo tumeimba, tumehesabu mpaka nne, tumehesabu mpaka ishirini, juzi nimeishia kuifungia baiskeli stoo wote wawili wakanuna.