Niache mshahara nikachomelee mageti?

SWALI: Nimeajiriwa fundi mitambo Mtwara mjini, nalipwa kwa mwezi. Jioni na Jumapili nachomelea mageti, na oda zinaongezeka. Niache kazi sasa? – Msomaji, Shangani

JIBU: Ndugu yetu, usiache sasa, Februari. Pesa ya korosho huanza kushikika kuanzia Oktoba, na hapo ndipo watu huagiza mageti. Toa notisi Agosti, kwa maandishi. Sheria inataka siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi. Dai cheti cha utumishi. TIN, namba ya mlipakodi, ni bure TRA, leseni utaifuata manispaa.

Kinachowaangusha mafundi wengi ni advansi, wala si ufundi. Ya geti la Juma inanunua vyuma vya Asha, na mwisho wote wawili wako mlangoni. Chukua advansi inayolipia vyuma, rodi na rangi zote za kazi hiyo. Faida na malipo ya ufundi yasubiri makabidhiano.

Halafu chumvi ya bahari, inayoozesha chuma. Skwea paipu ya 40 kwa 40, unene milimita 1.5, ichomelee kwa rodi ya milimita 2.5, ampea 60 hadi 80. Rodi ya 3.2 itatoboa. Gonga gaga lote, yaani ganda linalobaki juu ya weldi, piga brashi ya waya, paka redoksaidi, rangi ya kuzuia kutu, siku hiyo hiyo. Ziba ncha za paipu, la sivyo geti litaoza kwa ndani huku nje linang'aa. Ukivuta umeme mbali, waya mwembamba hufanya moto ukatike-katike, nawe ukailaumu TANESCO bure.