Kabla hujamsikiliza mtu wa Ulaya, muulize alikuja mwaka gani

Nilitua Dortmund mwaka 2017 kama au pair, yaani binti wa kulea watoto wa familia ya Kijerumani kwa mwaka mmoja huku anajifunza lugha. Nikapokelewa na kaka mmoja wa Kigoma aliyekuwa Ujerumani tangu miaka ya tisini. Mtu mwema sana. Alinipa koti, akanionyesha duka la bei nafuu, akanisongea ugali. Kisha akanipa ushauri, na karibu nusu ya ushauri ule ulikuwa umeshachacha.

Hakunidanganya. Alinieleza Ujerumani aliyoikuta yeye. Alipoanza kubeba boksi hapakuwa hata na kima cha chini cha mshahara cha nchi nzima. Kilianza Januari 2015, yuro 8.50 kwa saa. Oktoba 2022 kikapanda hadi 12, na tangu Januari 2026 ni 13.90. Majuzi nimekutana na kijana anaosha vyombo mgahawani kwa yuro 11, tena anamshukuru bosi, kwa sababu kuna mtu alimwambia hiyo ni hela nzuri. Ilikuwa nzuri, enzi hizo. Leo ni wizi.

Kuna na mambo ambayo mwenyeji hakwambii kwa sababu tu hayakumgusa. Siku ya kujiandikisha makazi, Anmeldung wanaiita, karani aliniuliza dini. Nikajibu "Mkatoliki" kwa fahari, kama vile namjibu padri wa Kibosho. Miaka ilipita. Nikasomea uuguzi, nikahitimu, nikapokea mshahara wa kwanza kamili, na kwenye hati ya mshahara nikakuta makato ya karibu yuro 40 nisiyoyajua. Nikapiga simu ofisi ya mishahara nimewaka moto. Mama wa upande wa pili akaniuliza kwa upole: si wewe uliyesema ni Mkatoliki? Ndiyo kodi ya kanisa hiyo, asilimia 9 ya kodi yako ya mapato (kwa wenzetu wa Bayern na Baden-Württemberg ni 8). Kaka yangu wa Kigoma ni Mwislamu, angeijulia wapi? Kwa huku Dortmund, kujitoa unakwenda mahakamani, unalipa yuro 30, basi. Ila maaskofu wanahesabu kwamba umeliacha kanisa, na sakramenti hupati. Mimi nimebaki nalipa. Mama yangu akisikia nimejitoa hatalala.

Sasa nije kwenye lile linaloniuma zaidi, kufukuzwa kazi. Mdogo wetu mmoja wa ghalani alitumiwa ujumbe wa WhatsApp saa tatu usiku: kesho usije. Hakwenda. Wenzetu waliomtangulia huku wakamwambia ndiyo Ulaya hiyo, tafuta kwingine. Hakuna aliyemwambia kwamba kwa sheria ya Ujerumani kuachishwa kazi ni lazima kuwe kwenye karatasi, na sahihi ya kalamu. WhatsApp haihesabiki, barua pepe haihesabiki, na maneno ya mdomo ndiyo kabisa. Angekwenda asubuhi na shahidi, akasema "nipo, nimekuja kazini", deni lingekuwa la bosi. Watu wanachanganyikiwa kwa sababu tangu Januari 2025, kwa kazi nyingi, masharti ya ajira yanaweza kuletwa kwa barua pepe. Kuingia kumerahisishwa, kutoka bado ni karatasi. Na karatasi ikishafika mkononi, una wiki 3 tu za kufungua kesi mahakama ya kazi. Usizimalizie kulia na kuomba ushauri kwenye magrupu.

Halafu uraia. Kaka aliniambia: miaka 8, na pasipoti ya kwenu unaiacha. Kwa wengi wetu ilikuwa hivyo hasa, mpaka 27 Juni 2024. Siku hiyo ilianza kutumika sheria mpya: miaka 5, na Ujerumani haikudai tena uache uraia wako wa asili. Wakaweka na njia ya mkato ya miaka 3 kwa aliyejitahidi sana na mwenye Kijerumani cha juu. Serikali iliyofuata ikaifuta Oktoba 2025. Namjua binti aliyekuwa amekamilisha kila kitu, amebakiza cheti cha lugha tu. Alisema ngoja nisome taratibu.

Watanzania wengi walishangilia 2024 wakidhani uraia pacha umefika. Jamani, mlango huu una komeo pande mbili. Ujerumani imefungua la kwake, la kwetu bado limefungwa: mtu mzima akichukua uraia wa nje kwa hiari yake, wa Tanzania anaupoteza. Mkenya ana nafuu tangu Katiba ya 2010. Mwenzangu wa zamu, mtu wa Kisumu, amechukua, na amepiga picha na pasipoti zote mbili kama mapacha. Mimi nina kiwanja Himo nilichokinunua kwa zamu za usiku, na Sheria ya Ardhi ya 1999 inambana asiye raia katika kumiliki ardhi. Kwa hiyo nimetulia na kibali changu cha ukaazi wa kudumu. Wewe kabla hujajaza ile fomu, mlipe kwanza mwanasheria wa nyumbani saa moja. Wa huku atakueleza nusu tu ya habari, na nusu hiyo ni tamu.

Mawakala nao wanaishi kwa habari zilizochina. Septemba 2024 Rais Ruto wa Kenya na Scholz, kansela wa Ujerumani wa wakati huo, walishuhudia mkataba wa uhamiaji wa kazi Berlin, zikaenea habari za nafasi 250,000 kwa Wakenya. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani ikakanusha: mkataba hauna idadi yoyote. Mwezi uliopita binamu yangu wa Moshi kanitumia bango lenye namba ileile, eti na Watanzania wamo. Chini yake wanauza "viza ya kazi" ambayo ukiisoma vizuri ni Kadi ya Fursa, ile iliyoanza Juni 2024 ya kuja *kutafuta* kazi kwa mwaka mmoja, tena uwe na elimu inayotambulika, pointi 6 za vigezo vyao na fedha za kujikimu.

Nikamwambia amuulize wakala mambo mawili: jina la mwajiri, na tangazo hilo ni la tarehe ngapi. Wakala hajamjibu. Jana kaniuliza kama anaweza kwenda kudai laki mbili alizotanguliza. Nimemwambia aende na mtu mzima, tena asubuhi, kabla ofisi haijahama.