Kwa nini walimulika mapipa badala ya kuleta dawa

Dada, umeuliza kwa nini maafisa wa afya waliokuja kwenu Kisauni walishughulika na mapipa na maswali chungu nzima, na ndugu yako yuko ndani kalala na chikungunya. Kazi hiyo niliifanya nikiwa mhudumu wa afya ya jamii hapa Mombasa, mlipuko wa 2017 hadi 2018, nami nakujibu kwa niliyoyaona.

Chikungunya ni ugonjwa wa kirusi unaoenezwa na mbu, na haina dawa ya kuua kirusi hicho. Mgonjwa hupewa maji, mapumziko na paracetamol. Wanaoweza kuokolewa ni majirani, mbu akijulikana anazaliwa wapi.

Wengi hudhani ni malaria. Kipimo kinasema hakuna, homa ipo, viungo vinauma hata kushika kikombe ni taabu. Zahanati ikipokea wengi wa hivyo kutoka mtaa mmoja, daftari hufunguliwa: umri, nyumba, siku homa ilipoanza. Hiyo siku mimi nilikuwa siiachi mpaka niipate. Kirusi chenyewe huonekana kwenye damu takriban wiki ya kwanza. Baadaye maabara hutafuta kingamwili, yaani kinga ambayo mwili hutengeneza dhidi ya kirusi, na hicho ni kipimo kingine kabisa. Tarehe ya kukisia yaweza kumpa mgonjwa jibu la uongo.

Sasa mapipa. Maji ya mfereji kwetu ni ya mgao, kila nyumba huweka akiba. Aedes aegypti, mbu anayeeneza chikungunya, anayapenda maji hayo hayo, na huuma mchana, chandarua kikiwa kimekunjwa. Nyumba moja Mishomoroni nilimulika tochi ndani ya pipa, viluwiluwi vikazama vyote kwa mkupuo. Mama mwenye nyumba akasema, "Lakini mwanangu, haya ni safi, twayanywa." Kweli yalikuwa safi! Mayai hugandama ukutani juu kidogo ya maji na hustahimili ukavu miezi kadhaa, kwa hiyo kumwaga hakutoshi. Sugua kuta kwa brashi kila wiki, kisha funga mdomo wa pipa kwa kitambaa kilichokazwa.

Ona chikungunya inavyoweza kuenea: Lamu 2004, wakati wa ukame, uchunguzi wa damu ulikadiria kwamba karibu robo tatu ya wakazi waliambukizwa. Mwaka uliofuata ugonjwa ukawa Komoro.

Maafisa hao watarudi hata mtaa ukitulia, maana ni lazima wajue kama mbu wamepungua, tafadhali wafungulie. Na yeyote atakayeshikwa na homa, andikeni tarehe siku hiyo hiyo, wala asimeze aspirini kabla dengi, homa nyingine iletwayo na mbu, haijaondolewa shaka. Dengi nayo imeshatupiga hapa, 2013, na kwa aspirini mgonjwa wake huweza kuvuja damu.