Kuashiria si kuthibitisha

Swali: Mimi ni mkaazi wa Shela, Lamu. Mwanangu anayesoma fizikia asema sayansi imethibitisha kuna malimwengu mengi. Mjomba wake ashikilia kuwa sayansi hiyohiyo imethibitisha yuko Muumba. Kiswahili cha nani ni sahihi?

Jibu: Si cha yeyote, dada yangu. Wote wawili wameniudhi kwa neno lilelile.

Malimwengu nalipita haraka: ni visa na mambo ya dunia hii. Mwanao aseme "ulimwengu zaidi ya mmoja".

Ila hilo "thibitisha"! Shina lake ni thabiti, neno tulilolipata kwa Waarabu: kitu kilichosimama imara. Leo kila tetesi "imethibitisha", redioni hata mimbarini, na neno limechakaa.

Mvuvi wa Shela akiona shakwe wamejazana juu ya maji, wakizama na kuibuka, husema ndege waashiria samaki. Huenda chini mna jodari. Huenda ni dagaa tu. Huenda mwenziwe kapita akamwaga matumbo ya samaki. Ndege ni walewale, sababu ni tatu. Atupe mshipi, avute, amlaze jodari ndani ya mashua: hapo samaki amethibitika. Na aliyethibitika ni huyo mmoja, si kundi zima!

Sasa tuje kwenye fizikia. Mwaka 1953 Fred Hoyle, mwanaastronomia Mwingereza, alitabiri kuwa kiini cha atomi ya kaboni lazima kiwe na kiwango fulani cha nishati, la sivyo nyota zisingepika kaboni ya kutosha kwa viumbe kama sisi. Maabara ikapima, ikakikuta. Hicho kimethibitika, andika bila woga. Mwaka 1987 Steven Weinberg, mwanafizikia Mmarekani, akaonyesha kuwa nguvu inayoutanua ulimwengu ingezidi mno, makundi ya nyota yasingejikusanya.

Kulingana huko kwa vipimo vya ulimwengu na mahitaji ya uhai ndiko shakwe wetu. Wengine waona kwaashiria Aliyepima. Wengine, kwamba ulimwengu ni nyingi zenye vipimo mbalimbali, nasi tumezuka katika ule uliotufaa. Huo mwingine hakuna aliyeupima.

Mjomba aseme "naamini"; ni neno lenye heshima yake, halina haja ya kuazima nguvu maabara. Mwanao aseme "nadharia yaashiria". Mvuvi akiteleza nitamvumilia. Msomi wa fizikia, ambaye kazi yake ni kupima, simvumilii.