Mpagazi naye anakula: kwa wadogo zangu mnaoanza tasnifu za vita ya 1914-18

Jumatano nilikaa kwenye semina ya wanafunzi wa masta, watano wanawasilisha propozo, watatu kati yao wanaandika habari za chakula cha majeshi huku kwetu vita ya kwanza, nikafurahi kweli, kumbe nimefurahi mapema. Wote watatu wana jedwali lile lile. Lile lile jamani! Askari mara posho mara siku, gawanya kwa mzigo wa mpagazi, basi, boma limeshiba. Nikatoka nje kunywa maji maana niliona jedwali langu mwenyewe la miaka kumi na moja iliyopita linanicheka ukutani.

Kwa hiyo naandika, mtaniwia radhi nikifoka.

1. Vipimo kwanza. Pfund ya Mjerumani ni gramu 500, ratili ya Mwingereza ni 453 na ushee, na mkikutana na kibaba msikimbilie kuandika "kilo moja". Kibaba ni robo ya pishi, kama ratili moja na nusu ya nafaka, na ndiyo posho ya siku ya mpagazi toka enzi za misafara. Haba na haba hujaza kibaba mnaiimba wote toka darasa la tatu ila ukiuliza kibaba kinaingia unga kiasi gani, kimya.

2. Mafaili ya G, yaani ya serikali ya Mjerumani, pale Nyaraka za Taifa: jifunzeni mwandiko wa zamani wa Kijerumani kabla ya kuomba faili, sio faili likiwa mezani.

3. Sasa hili. Tasnifu yangu ilikuwa Iringa. Mwishoni mwa 1916 jeshi la Van Deventer, jenerali wa upande wa Mwingereza, liko Iringa, reli iko Dodoma, kati yake kilomita kama 260, Ruaha Mkuu katikati, mvua zinaanza, na ndorobo wameshamaliza farasi na nyumbu, kwa hiyo kilichobaki ni kichwa cha mtu. Nikachukua askari 1,000 wa mfano, kilo moja kwa siku, siku 30, hiyo ni kilo 30,000, mzigo kilo 25, jibu wapagazi 1,200. Nikalipaka rangi ya kijani kwenye eksel. Supavaiza akapitisha, nikaenda kuwasilisha ukumbi umejaa, mimi na suti ya kuazima.

Mzee mmoja huko nyuma kabisa, mwalimu mstaafu, akanyoosha mkono. "Hongera mwanangu. Nauliza tu, hao wapagazi wako walikuwa wamefunga?" Ukumbi ukacheka, na mimi nikacheka nikijua ni utani, halafu kichwa kikaanza kupiga hesabu chenyewe palepale mbele za watu. Kilomita 20 kwa siku ni siku 13 kwenda, 13 kurudi, kilo moja kwa siku, jumla kilo 26. Na mzigo ni 25! Yaani mpagazi wangu katoka Dodoma na gunia, kala njia nzima, karudi Dodoma anadaiwa kilo moja, na boma langu la kijani halijaona hata punje. Nikasema "asante mzee, hilo nitaliangalia", nikakaa. Usiku ule nililala na viatu.

Na nilipoyarudia makaratasi ndo nikaona nilipotegwa. Mwaka 1915 Waingereza waliwaweka wapagazi chini ya kikosi cha usafirishaji, na mimi miezi minane nikawasoma hivyo hivyo, usafiri, sio watu wanaokula. Mbaya zaidi, punda nilikuwa nimewatengea malisho kwenye jedwali. Punda! Watu sikuwatengea kitu. Babu yake mama yangu alichukuliwa kariakoo, yaani Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Mwingereza, wala hakurudi, kaka yangu ndiye karithi jina lake, halafu mjukuu msomi ndiye nikamnyima posho kwenye eksel. Upande wa Mwingereza peke yake waliokufa wanakadiriwa karibu laki moja, wengi kwa kuhara na maradhi mengine, sio risasi.

Basi, njia ya kupiga hesabu ni vituo. Kila kituo mwendo wa siku moja, mtu anabeba 25, anakula moja kwenda na moja kurudi, zinabaki 23, kituo kinachofuata vilevile, mara 13. Katika kila kilo 100 zilizotoka Dodoma zinafika kama 34. Zile kilo 30,000 zangu zikageuka karibu tani 89 za kuanzia, na hapo hajaugua mtu, gunia halijalowa, Ruaha haijafurika. Sura ya tatu nzima niliandika upya, miezi minne.

4. Sufuria, kuni na muda wa kupika viingie kwenye hesabu. Mtu wa ndizi au wali unampa unga wa mahindi wa kukoboa vibaya, kuni mbichi, anakula nusu mbichi, keshokutwa yuko hospitali.

5. Acheni kumwandika Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku, kama mganga. Meli ya Rubens iliyofika Manza Aprili 1915 na Marie iliyofika Sudi Machi 1916 sizo zilizomlisha, zilimletea silaha na risasi. Unga ulitoka kwenye maghala ya watu. Kule Rufiji 1917 walikula mafuta ya kiboko na kuchuma mahindi kabla hayajakomaa, sawa, ila nani aliyalima? Tafel, ofisa wake, na watu wake njaa iliwafikisha kusalimu amri Novemba 1917. Na Ugogo, ambako majeshi ya pande zote mbili yalipita yakizoa ng'ombe na nafaka, mpaka leo njaa iliyofuata ina jina lake, Mtunya. Sasa dogo mmoja Jumatano kaandika "ubunifu wa ugavi". Kumchukulia Mgogo ng'ombe wake ni ubunifu wa nini wewe?

6. Ukipiga picha ukurasa, piga na jalada lenye namba ya faili.

Yule wa wapagazi 1,200 anajijua. Jumamosi saa nne aje kwangu na kompyuta yake tuvipange hivyo vituo, chai na maandazi vipo, nauli ya kurudi ajihesabie kabisa kabla hajatoka.