Panenka kwenye bonanza: mchunguze kipa kwanza

Penalti ya kudokoa, ile ya kuuinua mpira polepole katikati ya goli kipa akiwa amejitupa pembeni, ndiyo inayoitwa Panenka. Ina adui mmoja mkubwa: kipa asiyeruka. Na mabonanza ya Dar yamejaa makipa hao, mara nyingi ni beki aliyevalishwa glovu timu ilipokosa mtu. Antonín Panenka wa Czechoslovakia, mwenye jina hilo, alipoudokoa mpira katika fainali ya Mataifa ya Ulaya, Belgrade, mwaka 1976, Sepp Maier, kipa wa Ujerumani Magharibi, alikuwa ameshalala kushoto. Bila kulala kule, ule ungekuwa mpira wa kumrudishia kipa.

Kwa hiyo anza na uwanja. Kwenye kiwanja cha changarawe kipa hajitupi ovyo, anaogopa kuchunika kiwiko. Atasimama katikati na kuudaka kifuani. Hapo piga pembeni, yaishe. Coco Beach mchanga unamkaribisha, anaruka hata mpira wa kutoka nje. Mtazame anapopasha: akitupiwa mpira wa pembeni, anajilaza au ananyoosha mguu tu?

Akiwa wa kujilaza, rudi hatua tano au sita na ukimbilie mpira kama unayetaka kupasua nyavu. Ukipunguza mwendo, amekusoma. Mguu wa kuegemea uweke kando ya mpira, umbali wa kama shubiri moja, kisha ingiza ncha ya kiatu chini ya mpira na uukate mguu hapo hapo, usiufuatishe mbele. Lenga katikati, usawa wa kichwa. Goli kamili lina urefu wa mita 2.44, lakini magoli mengi ya bonanza ni mafupi, na dokoa la kawaida litapita juu ya mtambaa panya.

Kwenye mchanga kosa ni jingine: kidole kinachimba, mpira unajikongoja. Kanyagia mchanga ukaze pale utakapoegemea, na mpira uuweke penye kinundu kidogo.

Kusitasita njiani kunaruhusiwa. Ukishafika kwenye mpira ukajifanya unapiga halafu ukaahirisha, ni kadi ya njano, na wapinzani wanapewa pigo huru lisilo la moja kwa moja.

Ukigonga mwamba ukakurudia, usiuguse mpaka mchezaji mwingine aucheze. Kipa akiudaka, usishike kichwa: wenzako wote wako mbele na mpira uko mikononi mwake. Geuka, rudi mbio. Matusi ya benchi utayasikia ukiwa njiani.